Kabla ya kuihukumu madabodi

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, fundi mwenye haraka hutoa hukumu moja: madabodi imekufa. Pengine kweli. Lakini huenda kilichokufa ni pawa saplai, au RAM imeshika vumbi kwenye meno yake, na mwenye kompyuta amekwisha kulipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa. Madabodi ishukiwe mwisho, baada ya kujaribu pawa saplai nyingine na kuchomeka RAM moja moja.

Ugonjwa wake mmoja huonekana kwa macho. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikituna au kuvuja ute wa kahawia, kesi imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa duniani kote. Nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kwamba Dell iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zikiwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu hiyo.

Sasa unakwenda dukani, na hapa ndipo fedha hupotea. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 8 zote zinakaa kwenye soketi iitwayo LGA1151, ila ya kizazi cha 8 haitawaka kwenye madabodi iliyotengenezwa kwa ajili ya cha 6. RAM ya DDR3 haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR4.

Linaloniudhi zaidi ni waya za umeme. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX, ili madabodi ya kampuni yoyote iingie kwenye kasha la yeyote, matundu ya skrubu yakilingana. Leo plagi kuu ya ATX ina pini 24. Dell OptiPlex 9020 ina 8. HP EliteDesk 800 G1 ina 6. Mbaya zaidi, Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi inayofanana kabisa na ya ATX lakini waya zake zimepangwa vingine, ukichanganya, unaunguza. Shule na ofisi nyingi za kwetu hununua kompyuta za aina hii, zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Madabodi ikifa, dawa ni kutafuta nyingine ya modeli ileile, la sivyo kasha na pawa saplai, vizima kabisa, vinakwenda jalalani. Kwa hiyo naisihi shule inayonunua kompyuta kadhaa ichukue modeli moja tu, ili itakayokufa izisaidie zilizobaki.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye subira. Chomoa waya wa ukutani, shika chuma cha kasha ili umeme tuli uliomo mwilini utoke, piga picha ya kila waya kabla hujaugusa. Hesabu vile vinguzo vya shaba vinavyoshikilia madabodi: kimoja kikibaki mahali pasipo na tundu, kitagusa njia za umeme kwa chini na kuleta shoti. Pini za soketi ya Intel ni nyembamba mno, usizipitishie kidole. Futa grisi kavu juu ya prosesa, paka mpya kidogo, kisha ijaribu madabodi ikiwa nje ya kasha, juu ya boksi lake, na RAM moja.

Windows nayo italeta maneno. Leseni iliyokuja na kompyuta imefungwa kwenye madabodi ya zamani, kwa hiyo Windows yaweza kudai leseni nyingine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, madabodi mpya haiijui. Utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili hayafunguki. Uuandike karatasini kabla hujalegeza skrubu ya kwanza, au kama kompyuta haiwaki tena, uutafute kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.