Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Waangalieni watu wanapotoka katika nyumba ya sinema baada ya kutazama kisa cha hatari na safari za mbali. Wazee huzungumza juu ya kisa chenyewe: nani alishinda, nani alikuwa mwovu, na kama aliadhibiwa ipasavyo. Vijana wana maswali mengine. Huulizana: "Lile jiwe lilikuwa la kweli? Yule mtu alipitaje chini ya lori bila kusagwa? Na wale nyoka, waliwatoa wapi?" Mazungumzo hayo huendelea njiani, na kesho yake, na pengine kwa miaka mingi.

Wako wanaoona kwamba maneno hayo ni kupoteza wakati bure. Wengine husema kwamba mtu akikwisha kujua hila za sinema hawezi kuifurahia tena. Sisi hatukubaliani nao, na tutaeleza sababu kwa mfano mmoja unaojulikana duniani kote: filamu za Indiana Jones, mwalimu wa mambo ya kale mwenye kofia na mjeledi, anayechezwa na Harrison Ford. Filamu hizo ni tano. Ya kwanza ilitoka mwaka 1981, kisha zikafuata za 1984, 1989, 2008 na 2023. Kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini wapenzi wake hawakuacha kubishana jinsi zilivyotengenezwa.

JIWE LISILO JIWE

Filamu ya kwanza, ya kutafuta Sanduku la Agano, ilibuniwa na George Lucas na kuongozwa na Steven Spielberg. Gharama yake ilikuwa kama dolari milioni 20. Picha zilipigwa Ufaransa, Uingereza, Tunisia na katika visiwa vya Hawaii. Mwanzoni kabisa shujaa anakimbia mbele ya jiwe kubwa la mviringo linalobingirika kumfuata. Jiwe lile halikuwa jiwe. Liliundwa kwa faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa, ile inayotumika kujengea mashua nyepesi. Hata hivyo lilikuwa kubwa na zito vya kutosha kumwumiza mtu, naye Ford alikimbia mbele yake mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Baadaye shujaa anaangukia katika shimo lililojaa nyoka. Shimo hilo lilijengwa katika studio ya Elstree, Uingereza. Waliletwa nyoka kwa maelfu, lakini sakafu ilikuwa pana na hawakuifunika yote, ikabidi waletwe wengine tena. Kati yao walikuwamo mijusi wasio na miguu, ambao mtazamaji hawatambui kwa haraka. Na pale shujaa anapotazamana uso kwa uso na swila, kioo kiliwekwa kati yao ili mchezaji asidhurike.

Hapa ndipo macho ya wapenzi wa sinema yalipofanya kazi. Waliitazama picha hiyo mara nyingi, hata wakaona kivuli cha swila kikimeta juu ya kioo. Hila ikafichuka! Je, waliikasirikia filamu? Hata kidogo. Walifurahi kama mtu aliyegundua mshono ndani ya vazi zuri, akaelewa jinsi fundi alivyolishona. Filamu ilipotolewa upya mwaka 2003 kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, kivuli kile kilifutwa kwa kompyuta.

JASHO NA UGONJWA

Lakini si kila kitu kilikuwa hila. Huko Tunisia mji wa Kairouan ulitumiwa kuwa mfano wa Cairo ya mwaka 1936. Ili paa za nyumba zifanane na za zamani hizo, mamia ya antena za televisheni ziliondolewa kwanza. Jua lilikuwa kali, na wafanyakazi wengi wakaugua tumbo la kuhara. Ford mwenyewe aliugua. Siku ile alitakiwa kupigana kwa muda mrefu na mtu mwenye upanga, naye hakuwa na nguvu za kusimama saa nyingi. Basi wakapatana afupishe mambo: shujaa anamtazama yule mwenye upanga, anachomoa bastola, anapiga risasi moja, imekwisha. Watazamaji wakaangua kicheko duniani kote, wala hawakujua kwamba wanachekea shauri lililotokana na tumbo bovu.

Sisi wa Kongo tunayaelewa hayo vizuri. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, kupiga picha za filamu The African Queen. Huko nako ugonjwa wa tumbo uliwaangusha wengi, Hepburn akiwa mmoja wao. Mtazamaji aliyeketi Ulaya aliona mto mzuri na mashua, homa na kuhara hakuviona.

Tena kuna watu ambao nyuso zao hazionekani kabisa. Ni wale wanaofanya matendo ya hatari badala ya mchezaji mkuu. Katika filamu hiyo ya 1981 shujaa anapita chini ya lori linalokwenda, kisha anaburutwa nyuma yake. Aliyepita chini ni Terry Leonard. Alifuata mfano wa Yakima Canutt, aliyepita chini ya gari la farasi katika filamu Stagecoach ya mwaka 1939. Leonard alikuwa amekwisha kujaribu tendo la namna hiyo katika filamu nyingine, akaumizwa. Safari hii mfereji ulichimbwa katikati ya barabara ili mwili upate nafasi, naye akataka dereva awe rafiki yake Glenn Randall, kwa kuwa alimwamini. Fikirini jambo hilo: uhai wa mtu ulitegemea mfereji wa udongo na mkono wa rafiki.

Sehemu ya filamu ya pili ilipigwa huko Sri Lanka. Daraja la kamba lilitundikwa kwelikweli juu ya bonde, kisha likakatwa mara moja tu, kwa sababu hapakuwa na la pili. Waliokuwa wakianguka kutoka juu walikuwa sanamu, si watu. Katika kazi ya filamu hiyo Ford aliumia mgongo vibaya, akapelekwa Marekani kutibiwa, na kwa majuma kadhaa Vic Armstrong, aliyefanana naye sana, akashika nafasi yake mbele ya kamera.

FEDHA NYINGI, MAAJABU MACHACHE?

Tufike sasa kwenye ubishi mkubwa. Filamu ya 2008 iligharimu kama dolari milioni 185. Wapenzi wengi walinung'unika. Shujaa anajificha ndani ya friji, bomu la atomiki linalipuka, friji inarushwa mbali, naye anatoka mzima! Kijana mmoja anaruka kwa kamba za mwituni pamoja na nyani walioumbwa kwa kompyuta. Filamu ya 2023 ilipita hapo: inasemekana iligharimu karibu dolari milioni 300, na mauzo ya tiketi hayakutosha kuzirudisha. Humo uso wa Ford, mzee wa karibu miaka 80, ulirudishwa ujanani kwa kompyuta, mafundi wakitumia picha zake za zamani. Wapenzi wakatambua mara moja: uso ni wa kijana, sauti ni ya mzee.

Kweli, dolari milioni 20 za mwaka 1980 zilinunua vingi kuliko leo, wala hatuwezi kuzilinganisha hivihivi. Hata hivyo wengi husema, "Zamani mambo yalikuwa ya kweli, siku hizi ni uongo mtupu." Maneno hayo yana nusu ya haki. Jiwe la zamani nalo lilikuwa la faibaglasi, na swila alikuwa nyuma ya kioo. Kudanganya macho ndiyo kazi ya sinema tangu mwanzo. Wala tusisahau kwamba kompyuta huokoa mifupa ya watu. Je, ni haki sisi tuliokaa vitini tudai mtu alale chini ya lori ili tupate kusisimka?

Twaona kwamba kosa haliko katika chombo, bali katika kukitumia bila kipimo. Katika filamu ya kwanza mtazamaji huhisi uzito wa vitu: lori ni zito, njia ina vumbi, shujaa anachoka na kuumia. Pale ambapo hakuna kitu chenye uzito, hofu nayo huondoka, na fedha nyingi haziwezi kuirudisha.

WATOTO WA MISSISSIPPI

Na je, maswali ya vijana huzaa nini? Sikilizeni habari ya watoto watatu wa mji wa Ocean Springs, katika jimbo la Mississippi, Marekani: Chris Strompolos, Eric Zala na Jayson Lamb. Mwaka 1982, wakiwa bado wadogo, waliazimia kuitengeneza upya filamu ile ya kwanza, picha kwa picha. Eric alichora mamia ya michoro ili wasisahau. Mahali pa kima waliweka mbwa. Jiwe la mviringo liliwashinda mara kadhaa kabla ya kulipata.

Walijifunza kwa hatari pia. Siku moja walitia plasta usoni pa Eric ili wapate kalibu, ikagandamana, ikabidi apelekwe hospitali. Siku nyingine waliwasha moto ndani ya nyumba ya mama yake. Mama akapiga marufuku kazi yote, kisha akairuhusu tena kwa sharti kwamba mtu mzima awepo. Alifanya vema: hakuizima hamu ya watoto, wala hakuwaacha waungue.

Walifanya kazi wakati wa likizo kwa miaka saba, wakamaliza mwaka 1989 wakiwa vijana wakubwa. Mwaka 2003 filamu yao ilionyeshwa mjini Austin, Texas, na Spielberg mwenyewe aliitazama akawaandikia barua. Sehemu moja tu, ya ndege, ilikuwa imewashinda. Waliikamilisha mwaka 2014 kwa michango ya watu wengi, wakiwa watu wazima.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiwauliza, "Walifanyaje?", msimwambie anyamaze. Mwambieni atafute jibu, mkae karibu naye, tena mwonyeni asijaribu mambo ya moto na magari. Mtoto anayeuliza habari za lori la sinema kesho atauliza jinsi daraja la mtoni lilivyojengwa na nani aliyebeba mawe yake. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyekwisha kujua hivyo hawezi tena kudharau kazi ya mikono ya watu, hata ile asiyoiona.