Wanafunzi wa Udaktari na Utafiti wa Malaria Karibu na Otonglo
Atokaye Kisumu kwa njia ya Busia, akiisha kupita soko la Otonglo, hufika Kisian, penye kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979. Mwanafunzi wa udaktari apataye nafasi ya utafiti likizoni hatibu mtu. Hutazama damu kwa darubini, huhesabu mbu, huandika majibu ya akina mama. Kazi hiyo huchosha, wala haina sifa. Lakini hesabu kama hizo, zilizofanywa Asembo na Gem miaka ya 1990, zilithibitisha kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto. Wanafunzi wa ng'ambo husaidiwa na fedha kama za Kean, za Marekani. Kijana wa kando ya ziwa, ajuaye Kijaluo cha mama mwenye mtoto mgonjwa, asingoje kuitwa. Na amwulize mwalimu wake mapema, kabla ya likizo.