Maumivu ya kibofu yanayorudi: Kipimo kwanza, vidonge baadaye

BUJUMBURA: Katika mitaa ya Kinama, kaskazini mwa jiji hili, kuna ugonjwa ambao wanawake huuzungumza kwa sauti ya chini. Haja ndogo huchoma. Mtu huenda msalani kila baada ya muda mfupi na kuambulia matone. Chini ya kitovu kuna uzito na maumivu yasiyompa nafasi ya kuinama wala kubeba mzigo. Hununua vidonge, hupata nafuu wiki mbili tatu, kisha hali hurudi palepale.

Madaktari huita hali hiyo maambukizi ya njia ya mkojo, na wengi katika Afrika Mashariki wamezoea kuiita UTI. Yakimpata mtu mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, huhesabiwa kuwa maambukizi ya kujirudia. Hapo suala si kumaliza dozi nyingine tu. Ni kujua kwa nini yanarudi, na kama kweli ni maambukizi.

Wanawake ndio waathirika wakubwa kwa sababu ya maumbile. Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu cha mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa. Bakteria waitwao E. coli, ambao huishi kwenye utumbo wa kila binadamu bila kuleta madhara, husafiri umbali huo mfupi na kuzaliana kwenye kibofu. Inakadiriwa kuwa nusu ya wanawake wote duniani huupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani.

Hilo linafaa kusikiwa na waume pia. Maambukizi ya kibofu si ugonjwa wa zinaa. Tendo la ndoa huweza kuwasukuma bakteria kuelekea kwenye kibofu, lakini mara nyingi bakteria hao ni wa mwili wa mwanamke mwenyewe. Nyumba zimeingia katika ugomvi na tuhuma za uzinzi kwa maumivu ambayo hayakuletwa na mtu wa nje.

Maji, choo na foleni ya basi

Maumbile ni yale yale kila mahali, lakini mazingira ya Kinama huongeza mzigo. Maji ya bomba ya REGIDESO hukatika mara kwa mara katika maeneo mengi ya Bujumbura, na familia hutegemea bidoni za manjano zinazojazwa pale maji yanapopatikana. Maji yakiwa ya kubeba kichwani, ya kupikia na ya kuwaogesha watoto hutangulia. Ya mama kunywa huja mwisho.

Chukua mfano wa mama anayetoka Kinama alfajiri kwenda kuuza nyanya katika soko la COTEBU, mtaa wa Ngagara. Choo cha kulipia humpunguzia faida, na akienda hana wa kumwachia meza. Kwa hiyo hunywa maji kidogo ili asihitaji choo, na haja ikija huibana. Jioni, uhaba wa mafuta ya magari ulioikumba Burundi miaka ya karibuni humweka kwenye foleni ya basi kwa saa nyingi. Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji, hatua iliyopunguza njia mbadala. Mkojo uliokaa muda mrefu kwenye kibofu huwapa bakteria nafasi ya kuongezeka.

Faida ya maji imethibitishwa. Utafiti uliofanyika Bulgaria na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, wakati wale ambao hawakuongeza waliugua mara 3.2. Hakuna kidonge kilichotumika kupunguza idadi hiyo.

Dawa bila kipimo

Njia ya mkato ni duka la dawa. Mteja hueleza dalili, hupewa antibiotiki, na mara nyingi hununua vidonge vya siku mbili kwa sababu fedha haitoshi dozi nzima. Bakteria dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki, na safari inayofuata dawa ile ile haifanyi kazi.

Mradi wa utafiti uitwao HATUA uliwapima wagonjwa 7,583 wenye dalili za UTI katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, bakteria waliochunguzwa, takriban nusu walikuwa sugu kwa aina kadhaa za dawa. La pili, maambukizi yalithibitishwa maabara kwa watu 2,653 tu, sawa na asilimia 35. Kwa wengine wote, karibu wawili kati ya kila watatu, maabara haikuthibitisha maambukizi ingawa dalili walikuwa nazo.

Maana yake ni kwamba kuungua wakati wa kukojoa na maumivu ya nyonga si ushahidi tosha wa UTI. Magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono huleta dalili zinazofanana, na haya humtaka mume pia atibiwe. Fangasi za ukeni huchoma. Mawe ya kibofu, uvimbe wa kizazi na kukaza kwa misuli ya nyonga huleta uzito na maumivu. Upo pia ugonjwa wa ukuta wa kibofu ambao huuma kwa miaka bila bakteria yeyote. Antibiotiki haiponyi fangasi, haiondoi mawe wala haifungui misuli iliyokaza. Kwa wasomaji wa pwani ya Tanzania, Zanzibar na Kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Anayeugua mara kwa mara anastahili mkojo wake uoteshwe maabara, ili bakteria ajulikane na dawa inayomuua ijulikane. Sampuli itolewe kabla ya kumeza dawa, kwa sababu dozi iliyoanzwa huweza kuwaficha bakteria. Shirika la Afya Duniani limeiweka nitrofurantoini katika kundi la antibiotiki za kutumiwa kwanza kwa maambukizi ya kibofu, na siprofloksasini katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Uchaguzi ni wa daktari, si wa muuzaji.

Nyumbani yapo yanayosaidia: kunywa maji safi ya kutosha, kutobana mkojo, kukojoa baada ya tendo la ndoa, na kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa za kienyeji huwaua bakteria walinzi na kufungua mlango kwa wabaya. Kwa aliyekoma hedhi, daktari anaweza kumwandikia krimu ya homoni ya kupaka ukeni, ambayo hupunguza kurudi kwa ugonjwa.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo kwenye mbavu za chini ni ishara kwamba maambukizi yamefika kwenye figo. Hapo hakuna kusubiri kesho. Mjamzito naye apimwe mkojo hata bila dalili, kwa kuwa maambukizi yanaweza kusababisha uchungu kabla ya wakati.

Jambo la kanda nzima

Tangu Mei 2006, Burundi hutoa bure huduma za kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5. Mwanamke asiye mjamzito yuko nje ya mpango huo. Asipokuwa na bima au kadi ya msaada wa matibabu, kipimo cha maabara hushindana na unga wa nyumbani, na mara nyingi unga hushinda.

Takwimu za HATUA haziihusu Burundi, ilhali bakteria sugu hawasimami mpakani Kobero wala Gatumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ina Tume ya Utafiti wa Afya yenye makao makuu hapa hapa Bujumbura. Kituo cha umahiri cha Jumuiya kwa magonjwa ya figo na mfumo wa mkojo kiko Nairobi. Taasisi zipo. Linalokosekana ni maabara ya bei nafuu karibu na mama wa Kinama, maji kwenye bomba lake, na choo safi sokoni. Vikipatikana hivyo vitatu, vidonge vitapungua vyenyewe.