Je, Wajua? Si Kila Tone Chini ya Gari ni Maradhi

Dimbwi lisilo na hatia
Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa, hata gari zima kabisa likiegeshwa Ndia Kuu baada ya kuwashwa kiyoyozi huacha dimbwi chini yake. Huo ni mvuke wa hewani uliogeuka maji. Chovya kidole: maji maangavu yasiyo na harufu, endelea na safari. Yakiwa ya kijani, mekundu au ya waridi, tena yanateleza vidoleni, hiyo ni kulanti inavuja. Yafute upesi, kwani kulanti nyingi zina glaikoli, sumu yenye ladha tamu, na paka wa Mji wa Kale hawachagui cha kulamba.

Kifuniko kidogo, kazi kubwa
Maji ya sufuria isiyofunikwa huchemka kwa nyuzi 100 hapa Mombasa, lakini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi kama 94 tu. Kifuniko cha rejeta huibana presha kama sufuria ya kupikia maharagwe: chenye alama ya 1.1 huyazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichakaa gari linachemsha, na wapo wanaouziwa rejeta nzima kwa kosa la kifuniko! Usikifungue injini ikiwa moto. Presha ikishuka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Hita ya Mombasa
Nani huwasha hita kisiwani? Hata hivyo, magari yanayoshushwa Kilindini kutoka Japani yana rejeta ya pili, ndogo, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Kwa mengi, maji moto huipitia hata kama hita haijawahi kuguswa. Ikitoboka, chini hakudondoki kitu: zulia la mbele linalowa, kioo kinaingia ukungu na harufu tamutamu inajaa ndani.

Tundu la makusudi
Pampu ya maji huundwa ikiwa na kitundu chake kabisa. Sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hutokea hapo kabla hayajafika kwenye beringi. Anayekiziba kwa gundi amemnyamazisha shahidi.

Kisima na rejeta
Visima vya kisiwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huwa na chumvi na chokaa. Chumvi hula alumini. Chokaa huziba njia. Ukikwama, maji ya chupa ni nafuu kuliko rejeta.

Matundu 8,070
Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipoza injini kwa kuacha maji yachemke na kupotelea hewani. Mkewe Bertha alipoliendesha zaidi ya kilomita 100 mwaka 1888, karibu ufike Malindi kutoka hapa, kila mara alisimama kuongeza maji. Wilhelm Maybach ndiye aliyeleta nafuu, kwa rejeta ya vijibomba 8,070 iliyofungwa kwenye gari la Mercedes la 1901.

Pampu ya mkono
Uvujaji husakwa injini ikiwa baridi. Fundi hufunga kipimo chenye pampu pale penye kifuniko, anajaza presha, kisha anautazama mshale. Mshale ukishuka, kuna tundu. Asipoona tone nje, huenda ni gasketi ya hedi. Mwombe akupimie hivyo kabla hujalipia kipuri chochote.