Redio, King'ora na Chumba cha Zege: Vita Ndani ya Nyumba za Waisraeli

Tangu dola la Israeli lilipoanzishwa mwaka 1948, vita havijawahi kuwa shughuli ya wanajeshi wa mpakani peke yao, kwa kuwa jeshi lake hutegemea sana askari wa akiba, yaani raia waliomaliza utumishi wa lazima wakarudi kwenye kazi zao, ambao huitwa tena hatari inapozuka. Kwa miaka mingi wito huo ulipitia redioni kwa Kiebrania, lugha ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya sala na maandiko, hadi akina Eliezer Ben-Yehuda, aliyehamia Jerusalem mwaka 1881, walipoipigania ikawa tena lugha ya nyumbani.

Tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Syria zilishambulia katika Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi wengi hufunga, barabara huwa tupu na redio hunyamaza nchi nzima. Ving'ora vilipolia mchana, matangazo yalirudi hewani na wasomaji wakaanza kutaja mafumbo ya kuita vikosi, kila askari wa akiba akitega sikio asikie fumbo la kikosi chake.

Mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, Iraq iliirushia Israeli makombora yapatayo 40 ya Scud. Kwa hofu ya gesi ya sumu, familia ziliziba madirisha kwa nailoni na utepe, zikavaa vinyago na kukaa kando ya redio. Lakini Myahudi anayeshika Sabato hawashi wala kuzima chombo cha umeme kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku, naye angeonywaje? Suluhisho, ambalo linastahili kusifiwa kwa busara yake, lilikuwa masafa maalumu ya redio yasiyotangaza chochote: redio iliachwa wazi tangu Ijumaa, ikakaa kimya, na ingesema tu iwapo kombora lingekuwa njiani.

Kutokana na vita hivyo, sheria ya mwaka 1992 ililazimisha kila nyumba mpya iwe na mamad, chumba chenye kuta za zege, mlango wa chuma na dirisha linalofungwa kabisa, ambacho siku za amani mara nyingi hulaza watoto. Katika mji wa Sderot, karibu na Ukanda wa Gaza, mtu ana takriban sekunde 15 tu za kukifikia. Tangazo la hatari huko lilikuwa "Shahar Adom", alfajiri nyekundu, hadi mwaka 2007, lilipogeuzwa kuwa "Tzeva Adom", rangi nyekundu, baada ya msichana mdogo aitwaye Shahar kulalamika kwamba jina lake limekuwa la kutisha watu.

Mamad kilijengwa kwa ajili ya makombora. Mlango wake haukuwa na kufuli ya ndani, ili waokoaji waweze kuingia, na wapiganaji wa Hamas, kundi la Kipalestina la Gaza, walipovamia Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, watu walishikilia vitasa kwa mikono kwa saa nyingi. Takriban watu 1,200 waliuawa siku hiyo, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo, na 251 wakachukuliwa mateka.

Kinga ya mamad, hata hivyo, haiwafikii wote. Raia Waarabu ni takriban moja ya tano ya wananchi. Katika jangwa la Negev, baadhi yao, yaani Mabedui wa vijiji visivyotambuliwa na serikali, hawapewi vibali vya ujenzi, hivyo hawawezi kujenga mamad kihalali, ingawa makombora huwafikia wao pia. Ng'ambo ya uzio wa mpakani, huko Gaza, ambako makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa katika vita vilivyofuata, hakuna ving'ora vya kuwaonya raia wala vyumba vya kuwakinga.