Mnyororo wa Futi 66 Uliokata Mashamba ya Virginia na Carolina

Je, wajua ekari imetoka wapi na umbo lake? Chukua mnyororo wa futi 66, uunyooshe mara kumi kwa urefu na mara moja kwa upana. Kipande hicho ni ekari moja kamili, ileile inayouzwa leo Morogoro na Kitale. Minyororo 80 ukiipanga mstari mmoja inatimiza maili.

Aliyeubuni ni Edmund Gunter, mchungaji wa Kiingereza aliyekuwa pia mwanahisabati, mwaka 1620. Waingereza walikuwa na vipimo vya ajabu ajabu visivyogawanyika kwa kumi, naye akavipatanisha na hesabu ya kumi bila kumlazimisha mtu kuviacha. Mnyororo wake una pingili 100 za waya mnene wa chuma, kila moja inchi 7.92 pamoja na pete zake. Ekari ni pingili za mraba 100,000. Kwa hiyo mpima alizidisha urefu kwa upana kwa pingili, akaondoa tarakimu tano za mwisho, akapata ekari zake. Kila baada ya pingili kumi kilining'inia kibati cha shaba chenye meno: jino moja ni kumi, mawili ni ishirini. Hata gizani, hata kwenye tope, kidole kingeweza kusoma.

Koloni la Virginia huko Amerika liliupokea mnyororo huu kwa hamu. Tangu 1618 koloni hilo lilitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyevushwa bahari, na ardhi ilimwendea aliyelipa nauli. Tajiri aliyeleta vibarua wa mkataba, na baadaye Waafrika waliotumikishwa utumwani, alihesabu vichwa vyao na kudai ekari zake. Mpima ardhi ndiye aliyegeuza vichwa vya watu kuwa shamba lenye mipaka, na ujira wake mara nyingi ulihesabiwa kwa ratili za tumbaku.

Kadiri walowezi walivyosogea magharibi, msitu ulizidi kuwa mnene, na mnyororo mzima ukawa mzigo. Wapima wa huko wakapenda kutumia nusu yake, futi 33. Mmoja alitangulia na vijiti vya chuma, akakaza mnyororo, akachomeka kijiti. Wa nyuma akafika hapo, akaking'oa, wakasonga tena. Vijiti mkononi mwa wa nyuma ndivyo vilivyokuwa daftari la hesabu. Kimoja kikipotea majanini, shamba la mtu limepungua. Penye mteremko iliwabidi waukaze mlalo, kipande kwa kipande, maana ardhi huhesabiwa kama ilivyo kwenye ramani, si kama miguu inavyoikwea. Mbele yao alikwenda mwenye shoka akifyeka njia, na kando yao mpima mwenyewe na dira yake juu ya mkongojo mmoja. George Washington aliifanya kazi hiyo: mwaka 1749, akiwa na miaka 17, aliteuliwa mpima wa wilaya ya Culpeper, na mwaka uliofuata alikwishaanza kujinunulia ardhi katika bonde la Shenandoah. Sishangai. Nani mwingine aliyejua bonde lipi lina udongo mzuri kabla ya wenzake?

Kazi haikuwa ya nchi kavu tu. Mwaka 1728, William Byrd wa Virginia aliongoza msafara wa kuweka mpaka na North Carolina, kuanzia ufukweni kuelekea magharibi. Walipofika kinamasi cha Great Dismal, Byrd akakizunguka, wapima wakaingia majini na mnyororo wao. Maili kama kumi na tano ziliwachukua zaidi ya wiki, na chakula nusura kiwaishie.

Chuma nacho huchoka. Mnyororo wenye mamia ya viungo vinavyosuguana ukiburutwa mwaka mzima kwenye mawe, kila pete inalika kidogo, na mwisho wa yote umerefuka. Ukirefuka inchi tatu tu, shamba lililoandikwa ekari 400 kwa kweli lina kama 403. Mnunuzi hakulalamika! Aliyelia ni jirani, maana huko Kusini mashamba hayakukatwa kwa miraba. Kila mlowezi alichagua bonde lenye rutuba, akaacha vilima, na hati ikaeleza mpaka kwa miti na vijito: kuanzia mwaloni mweupe uliochanjwa kwa shoka, kwenda upande fulani hatua kadhaa za mnyororo, hadi kwenye kijito. Mwaloni ukianguka, hati inaelea hewani. Kesi za mashamba yaliyopandana ziliandama Kentucky kwa miaka mingi, na baba yake Abraham Lincoln alihama huko mwaka 1816 kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo.

Walioporwa zaidi walikuwa wenyeji, na hawakukaa kimya. Mwaka 1773, huko Georgia, Wacreek na Wacherokee walibanwa kwa madeni ya wafanyabiashara hadi wakatoa zaidi ya ekari milioni mbili. Mtaalamu wa mimea William Bartram alifuatana na wapima na akasimulia mzozo uliozuka mwanzoni mwa mstari. Mpima aliweka dira, akaonyesha upande. Mkuu wa wenyeji akakataa: upande sio huo, na kidude hicho ni mwongo anayetaka kuwadhulumu watu wake. Hakukubali kuendelea mpaka dira iwekwe kando. Wakamfuata yeye, na Bartram anakiri kwamba aliyekosea ni mpima.

Makosa mengine yaliishi muda mrefu zaidi. Mpaka wa Carolina mbili ulitakiwa kupanda kutoka pwani hadi latitudo ya 35, kisha ugeuke magharibi. Mwaka 1737 wapima walipiga kigingi wakidhani wamefika, kumbe wamepungukiwa maili kama 11. Mwaka 1764 wenzao wakaendeleza mstari kutoka kigingi kilekile, na South Carolina ikapoteza eneo kubwa kabla ya kufidiwa kwingine mwaka 1772. Alama nyingi za mpaka huo zilikuwa miti, na miti ikafa. Majimbo hayo mawili yalipoutafuta upya mstari wa kale na kuuthibitisha mwaka 2017, nyumba 19 zilijikuta zimehamia jimbo jingine. Kituo kimoja cha mafuta kilichojulikana kuwa South Carolina, ambako kodi ya petroli ilikuwa ndogo na fataki ziliuzwa wazi, kikaangukia North Carolina, ambako fataki nyingi ni marufuku.