Kidonge Kimoja, Magonjwa Mawili: Tulinde Ini la Mfanyakazi



Hapa Bujumbura ugonjwa wa UKIMWI, ambao wengi wetu tunauita SIDA, haufichwi tena kama ulivyofichwa zamani. Mwaka 1993 kilianzishwa chama cha ANSS cha kuwasaidia wenye virusi, nacho kiliongozwa na Bibi Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi hivyo. Tangu siku hizo vita vimepiganwa, na leo wenzetu wengi wanameza dawa kila siku, wanafika kazini na wanalea watoto wao.

Lakini kuna ugonjwa mwingine unaokwenda sambamba na huo, nao husemwa kidogo mno. Ni homa ya ini. Leo tunataka kumzungumzia mfanyakazi mwenye magonjwa yote mawili, kwa kuwa kwake yeye kuacha kidonge, au kubadilishiwa dawa bila kupimwa ini, ni jambo linaloweza kumwua.

HOMA YA INI NI NINI?

Kwanza tuondoe mkanganyo. Homa ya ini si homa ya manjano inayoletwa na mbu. Ni kweli kwamba macho ya mgonjwa huweza kugeuka manjano katika zote mbili, lakini ni magonjwa tofauti kabisa. Homa ya ini tunayoisema hapa huletwa na virusi vinavyoingia katika ini na kukaa humo miaka mingi. Viko vya aina kadhaa, na vinavyotuhusu zaidi ni vya aina ya B na ya C.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na homa ya ini B ya kudumu, na milioni 50 walikuwa na C. Katika mwaka huo huo magonjwa haya yaliua watu milioni 1.3. Wengi wa wenye virusi hivyo hawajui kwamba wanavyo.

Homa ya ini B hupita katika njia zile zile za UKIMWI: damu, kujamiiana, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Tofauti ni kwamba yenyewe huambukiza kwa urahisi zaidi. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwa hiyo wembe wa kinyozi usiosafishwa, sindano iliyotumika au mswaki wa kuchangia ni hatari. Homa ya ini C hupita hasa kwa damu.

INI HALILALAMIKI

Ini ni kama mfanyakazi mtiifu asiyelalamika. Linasafisha damu, linahifadhi nguvu ya chakula, linatengeneza vitu vya kugandisha damu mtu akijikata, na kila dawa tunayomeza haina budi kushughulikiwa na mwili, mara nyingi katika ini hilo hilo. Hata likijeruhiwa nusu, laendelea na kazi. Mgonjwa huona amechoka kidogo tu, akadhani ni jua au ni kazi nzito. Siku tumbo linapojaa maji na macho kuwa manjano, ini limekwisha kujaa makovu, na pengine saratani imeanza.

Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI safari hiyo ni fupi zaidi. Kinga yake ikiwa imedhoofika, mwili hushindwa kuidhibiti homa ya ini, na makovu huja upesi kuliko kwa mtu mwingine. Ndiyo maana tunasema kwamba kupima UKIMWI bila kupima homa ya ini ni kufanya kazi nusu.

KIDONGE KINACHOFANYA KAZI MBILI

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua. Kidonge cha UKIMWI kinachotolewa zaidi siku hizi katika nchi zetu kimechanganywa dawa tatu: dolutegraviri, tenofoviri na lamivudini. Kati ya hizo, tenofoviri na lamivudini hupigana pia na homa ya ini B. Basi mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili anatibiwa yote kwa kidonge kimoja, hata kama hana habari.

Hiyo ni neema, lakini ina sharti lake. Mgonjwa huyo akiacha dawa, virusi vya ini vilivyokuwa vimelala huweza kuamka kwa ghadhabu, na ini likavimba ghafula hata kumaliza maisha yake katika wiki chache. Kadhalika, tenofoviri huweza kusumbua figo, na daktari akaamua kuiondoa. Lamivudini ikibaki peke yake, baada ya muda virusi vya ini huizoea na haiwezi tena kuvizuia. Na zile sindano mpya za kila baada ya miezi miwili, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2025 kwa wagonjwa fulani badala ya vidonge, si za mwenye homa ya ini B, maana hazitibu ini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kubadilishiwa dawa muulize mganga wako swali moja: «Je, nimepimwa homa ya ini B?» Kipimo chake cha kwanza ni tone la damu. Usione haya kuuliza. Ini ni lako.

Kuhusu homa ya ini C habari ni njema zaidi. Haina chanjo, lakini zipo dawa za kumeza kwa wiki 8 hadi 12 zinazoponya wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100, wakiwemo wenye UKIMWI. Mganga atazilinganisha kwanza na dawa nyingine unazotumia.

TUSILIONGEZEE INI MZIGO

Mwenye magonjwa haya na aache pombe, iwe bia ya chupa au urwarwa wa nyumbani. Asizidishe vidonge vya maumivu vya parasetamoli, wala asinywe mitishamba ambayo hajui imetiwa nini. Akianza dawa za kifua kikuu, amwambie mganga habari ya ini lake, kwani baadhi ya dawa hizo huliumiza. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe: sumu ya ukungu huo ikikutana na homa ya ini B huzidisha sana hatari ya saratani.

Asiyeambukizwa apate chanjo ya homa ya ini B. Kwa kawaida ni sindano tatu. Watoto wetu wamekuwa wakiipata kliniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sisi watu wazima wengi tulizaliwa kabla yake.

KAZI YA CHAMA

Jambo hili si la mgonjwa peke yake. Mwuguzi, mfanyakazi wa maabara, mfuaji wa nguo za hospitali na mzoa taka hushika damu na sindano kila siku. Hao wapewe chanjo, glavu na masanduku ya kutupia sindano, na gharama iwe ya mwajiri.

Sheria ya Burundi ya Mei 2005 inawalinda watu wenye virusi vya UKIMWI. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa virusi hivyo wala asifukuzwe kwa sababu yake. Sisi tunadai mwenye homa ya ini atendewe vivyo hivyo, na siku ya kwenda kuchukua dawa isikatwe katika mshahara. Mshahara wa siku moja usimfanye mtu akose kidonge kinacholinda uhai wake.

Wajumbe wa matawi, lifikisheni suala hili katika mikutano yenu. Na kila mmoja wetu akapimwe. Kinga ni bora kuliko tiba.